Je, ndege tano zingeiokoa Glorious?

Swali: "Mimi na wenzangu wawili hapa Tanga tunatunga hadithi ya 'ingekuwaje' kuhusu Glorious, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege iliyozamishwa na Scharnhorst na Gneisenau za Ujerumani mwezi Juni 1940. Katika hadithi yetu nahodha anawahi kurusha ndege zake zote, manowari zote mbili za Wajerumani zinazama, naye anarudi salama. Mwenzangu mmoja anasema haiwezekani kabisa, mizinga ingeshinda tu. Mwingine anasema hapakuhitajika ndege, meli ingekimbia hadi giza liingie. Nani yuko sahihi? Na nina hofu moja: waliokufa pale walikuwa watu kweli. Je, si utovu wa adabu kuwageuzia mwisho wao?"

Hofu yako naijibu kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua hadithi iandikwe vipi. Si utovu wa adabu kuuliza ingekuwaje. Jamaa za waliokufa wenyewe wamekuwa wakiuliza hivyo kwa miaka mingi: mbona angani hapakuwa na ndege hata moja? Wana chama chao, wameibana serikali yao kwa maswali, na wengi wao hawajaridhika na majibu. Utovu wa adabu ungekuwa kuwapa mabaharia wale silaha ambazo hawakuwa nazo, kisha waonekane wazembe kwa kutozitumia. Kwa hiyo nitakueleza walikuwa na nini mkononi, saa ngapi, na upepo ulivuma kutoka wapi. Upepo huo ushike sana, maana humo ndimo ulimo ugomvi wenu wote watatu.

Jibu langu kwa kifupi: hadithi yenu kama ilivyo haisimami. Ndege za Glorious zisingezamisha manowari zile mbili. Mwenzako wa mizinga yuko karibu na ukweli ikiwa saa ya kuanzia ni saa kumi jioni, lakini anakosea ikiwa ni saa nane na nusu. Na yule wa giza amesahau pambano lilikuwa wapi na mwezi gani. Lilikuwa karibu na nyuzi 69 kaskazini, mwanzoni mwa Juni. Huko, msimu huo, jua halizami. Giza la kujifichia halikuwepo usiku ule wala usiku uliofuata.

Sasa tukio lenyewe. Saa nitakazotaja ni za meli za Uingereza, nimezihesabu Kiswahili. Waingereza na washirika wao walikuwa wanaondoa majeshi yao kaskazini mwa Norway, askari wapatao 24,500. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni, Glorious ilipokea juu ya sitaha yake ndege za kivita za jeshi la anga zilizokuwa zikipigana karibu na Narvik: Gladiator za Kikosi cha 263 na Hurricane za Kikosi cha 46. Marubani wa Hurricane hawakuwa wamefunzwa kutua melini, na ndege zao hazikuwa na kulabu ya kunasia waya za sitahani. Walifunga mifuko ya mchanga mkiani ili breki zikishikwa kwa nguvu ndege isipige pua, wakatua wote salama. Marubani hao ni miongoni mwa watu walioniingiza katika historia ya bahari, na inaniuma kila mara kufikiri kwamba baada ya ushujaa ule wengi wao hawakuiona jioni ya siku ya pili.

Alfajiri mapema Glorious iliomba ruhusa kuacha kundi na kutangulia Scapa Flow, kituo cha jeshi la majini kaskazini mwa Uskoti, ikisindikizwa na destroya mbili tu, yaani manowari ndogo za kasi: Ardent na Acasta. Sababu iliyotangazwa baadaye ni upungufu wa mafuta. Lakini ujumbe uliopitishwa kati ya meli unataja jambo jingine: maandalizi ya mahakama ya kijeshi. Nahodha Guy D'Oyly-Hughes alikuwa amegombana na mkuu wake wa shughuli za ndege, J. B. Heath, aliyekataa kupeleka ndege kushambulia shabaha za nchi kavu zisizoeleweka, kwa ndege ambazo aliziona hazifai kazi hiyo. Heath aliachwa Scapa akisubiri kushtakiwa. D'Oyly-Hughes alikuwa shujaa wa nyambizi wa vita ya kwanza, mwenye nishani. Simnyimi heshima yake. Ila siku ile meli ya ndege ilikuwa mikononi mwa mtu wa nyambizi, na yule ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia "turushe doria" alikuwa nchi kavu.

Saa 9:46 alasiri mlinzi wa Scharnhorst aliona moshi kwenye upeo, umbali wa kilomita 40 na ushei. Waingereza waliwaona Wajerumani muda mfupi baada ya saa 10. Wakati huo Glorious ilikuwa inakwenda noti 17, yaani maili 17 za bahari kwa saa, kwa boila (matangi ya mvuke ya kuendeshea injini) 12 kati ya 18. Juu ya mlingoti hapakuwa na mlinzi. Sitahani hapakuwa na ndege iliyo tayari. Ardent ilitumwa kwenda kuwatambua wageni, na amri ikatolewa Swordfish tano, ndege zake za kubeba topido (bomu linalosafiri chini ya maji), zipandishwe. Kengele ya vita ililia saa 10:20. Saa 10:32 Scharnhorst iliigeuzia Glorious mizinga yake ya sentimita 28, na dakika sita baadaye, kwa mkupuo wa tatu, kombora likapiga sitaha ya mbele kutoka umbali wa kilomita 24 hivi. Hiyo ni miongoni mwa shabaha za mbali zaidi zilizowahi kupigwa na manowari kwa manowari. Kombora lilipasukia katika banda la juu la ndege, moto ukashika, na tundu la sitahani likamaliza habari ya ndege kuruka. Saa 10:56 jingine liliua au kujeruhi karibu wote waliokuwa darajani pamoja na nahodha. Moshi wa destroya uliwaziba macho Wajerumani kwa zaidi ya dakika ishirini, kisha saa 11:20 Glorious ikapigwa kwenye chumba cha injini. Ilizama saa 12:10 jioni.

Hesabu dakika hizo na wenzako. Tangu kuonana hadi sitaha kutobolewa ni kama dakika 35. Swordfish inayolala bandani inahitaji kupandishwa kwa lifti, kukunjuliwa mabawa, kufungwa topido, kupashwa moto injini, na kukabidhiwa watu wake watatu. Mabaharia waliozoea wangeweza kuyafanya hayo ndani ya muda huo kwa shida. Lakini kuna jambo la pili ambalo watunzi wengi hulisahau.

Mtoto anayerusha tiara hukimbia kuuelekea upepo, akiupa kisogo tiara inaanguka. Meli ya ndege ni hivyohivyo: ili ndege nzito yenye topido ipate nguvu ya kunyanyuka kwenye sitaha fupi, meli hugeuka kuutazama upepo na kuongeza mwendo. Siku ile upepo ulikuwa mwepesi, wa kaskazini-magharibi. Wajerumani walitokea upande wa magharibi. Glorious ilipogeuka kukimbia ilielekea kusini-mashariki, upepo ukiwa kisogoni. Kwa hiyo kila dakika ya kurusha ndege ingekuwa dakika ya kuacha kukimbia na kuikaribia mizinga, na kila dakika ya kukimbia ilikuwa dakika ya kutorusha. Hapo mwenzako wa mizinga ana haki. Baada ya saa 10:20 D'Oyly-Hughes hakuwa na uamuzi mzuri wa kuchagua. Ukianzisha hadithi yako dakika hiyo, hata ukimpa busara ya manahodha kumi, meli inazama.

Tuje kwenye "ndege zake zote". Msipige picha ya sitaha iliyojaa ndege za mashambulizi. Meli iliweza kubeba 48, lakini siku ile sehemu kubwa ya mabanda ilikuwa imechukuliwa na ndege zilizookolewa Norway. Hurricane ilikuwa na bunduki nane za rashasha zenye risasi za milimita 7.7, hazina bomu wala topido. Ubavu wa Scharnhorst ulikuwa na chuma cha milimita 350. Gladiator na Sea Gladiator vilevile ni ndege za kupigana na ndege. Silaha ya kudhuru manowari ilikuwa Swordfish tu, nazo zilizoitwa sitahani ni tano.

Tano zingefanya nini? Hatuna haja ya kubuni, tunayo mashambulizi halisi ya kupimia. Tarehe 24 Mei 1941 Swordfish tisa za Victorious, meli nyingine ya ndege ya Uingereza, zilishambulia manowari ya Kijerumani Bismarck, zikapata topido moja ambayo haikuleta madhara makubwa. Siku mbili baadaye 15 za Ark Royal, nayo meli ya ndege ya Uingereza, zilipata mbili, huenda tatu, na mojawapo ndiyo iliyoharibu usukani na kuihukumu Bismarck. Machi 1942 Albacore 12 za Victorious, nazo ndege za topido, ziliifuata manowari ya Kijerumani Tirpitz, hazikupata hata moja, na mbili zikaangushwa. Jumla ni ndege 36 na topido tatu au nne, takribani moja kwa kila kumi. Kwa ndege tano, nafasi ya kupata hata topido moja haifiki nusu. Nafasi ya kupata mbili, kila manowari yake, na zote mbili zizame, ni ndogo kiasi kwamba msomaji makini atafunga hadithi yenu hapo hapo. Topido ya Swordfish ilikuwa ndogo kuliko ya destroya. Kazi yake ilikuwa kupunguza mwendo wa adui, na kuzamisha kukabaki kazi ya mizinga ya wengine.

Lakini hesabu hiyo haimpi ushindi mwenzako wa mizinga. Tirpitz haikupigwa hata mara moja, ila ililazimika kupinda huku na huko kukwepa, kisha ikarudi Norway. Manowari inayopinda inapoteza shabaha na inapoteza umbali. Mfano mkubwa zaidi ni wa Samar, Ufilipino, tarehe 25 Oktoba 1944. Admirali Kurita wa Japani, akiwa na manowari kubwa nne, Yamato ikiwemo, aliibukia meli sita ndogo za ndege za Admirali Clifton Sprague wa Marekani, ambazo hazikufika hata noti 20. Kwa karatasi wote walikuwa maiti. Mizinga ilizamisha moja tu kati ya zile sita, Gambier Bay. Destroya za Wamarekani zilijitupa mbele na tatu zikazama, ndege zikashambulia mfululizo, nyingine zikipita chini tu bila bomu ili Wajapani wapinde. Mwishowe Kurita akageuka.

Tofauti ya Samar na Glorious ni nini? Ya kwanza, rubani wa doria aliwaona Wajapani na kutoa taarifa. Ya pili, palikuwa na mamia ya ndege pale na kwa majirani. Ya tatu ni ileile ya upepo: Sprague alielekea mashariki na upepo ulitoka upande huo, hivyo aliweza kurusha ndege huku akizidi kujitenga na adui. Glorious haikupata bahati hiyo.

Kwa hiyo Swordfish ya kuibadilisha historia hii ni moja, na haihitaji topido. Inahitaji macho. Mtu aliye juu ya mlingoti, akitafuta mlingoti wa meli nyingine kubwa, anaona kilomita 40 hivi hewa ikiwa safi. Aliye ndani ya ndege mita 1,000 juu ya maji, upeo wake uko zaidi ya kilomita 100. Siku ile hewa ilikuwa safi ajabu. Mpeni nahodha doria moja kuanzia saa 8:30 mchana, na tuseme rubani anaripoti manowari mbili zikiwa kilomita 80.

Fuatisheni sasa. Glorious inaamsha boila zilizolala, jambo ambalo huchukua muda, na inageuka. Wajerumani wanakwenda noti 29. Glorious kwa vitabu ilifika 30, lakini mitambo ilikuwa ya 1917, nami ningeiwekea 27. Ili Scharnhorst ifike umbali wa kilomita 25 inabidi imeze kilomita 55, yaani maili 30 za bahari, kwa tofauti ya noti mbili. Ni saa 15. Hapo kweli Swordfish zinapata muda: meli inaweza kuthubutu kuugeukia upepo kwa dakika chache, ikazirusha, ikaendelea kukimbia. Topido moja ikipata, au Wajerumani wakilazimika kupinda mara tatu nne, mbio zimekwisha.

Swali gumu ni kukimbilia wapi, na hapa ningependa mkae sana. Kusini-mashariki ni pwani ya Norway, mikononi mwa ndege za Wajerumani. Kaskazini-mashariki kuna Ark Royal yenye ndege zake, msaada wa karibu na wa maana. Lakini njia hiyohiyo ndiyo ya misafara ya askari waliokuwa wanashuka kutoka Norway kwa ulinzi mwembamba. Nahodha anayekimbilia kwa wenzake anamburuta adui hadi kwenye meli zilizojaa maelfu ya watu. Anayeelekea kusini anawaokoa hao na kubaki peke yake. Mimi ningemwelekeza kusini-magharibi kwanza, akipiga redio bila kukoma, kwa sababu taarifa ikishasikika mawindo yanabadilika: Admirali Marschall, mkuu wa Wajerumani pale, hakuwa tayari kukutwa na kundi kubwa la Waingereza. Nyinyi mnaweza kuamua tofauti, bora mhusika wenu aone gharama ya njia zote mbili.

Kuna gharama nyingine, na msomaji wenu mzuri atawauliza. Katika historia halisi, Acasta ilipobaki peke yake haikukimbia. Ilitoka ndani ya moshi wake yenyewe ikafyatua topido, na saa 11:34 moja ikaipiga Scharnhorst karibu na mizinga ya nyuma. Mabaharia wapatao 48 wa Kijerumani walikufa, maji mengi yakaingia, na Marschall akaacha mawindo akaenda Trondheim. Misafara ikapita salama. Mkiiokoa Glorious kwa doria, topido ile ya Acasta haipo, na tarehe 9 Juni Scharnhorst ni nzima baharini. Mimi naamini bado ni biashara nzuri, kwa kuwa Wajerumani wangekuwa wameonekana na Ark Royal ingekuwa imeshtuka. Ila mkiifumbia macho, hadithi inakuwa ya upande mmoja.

Nisingependa lawama zote zimwangukie D'Oyly-Hughes. Wiki zilizotangulia kijana mmoja wa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua siri za redio za adui, Harry Hinsley, aliyetoka masomoni Cambridge, alisoma mwenendo wa redio za Wajerumani akaonya makao makuu ya jeshi la majini kwamba meli kubwa zinatoka Baltiki. Hakusikilizwa. Ruhusa ya kuondoka na destroya mbili ilitolewa na wakubwa wake. Na kruza Devonshire, manowari ya ukubwa wa kati iliyombeba Mfalme Haakon VII wa Norway na serikali yake, ilikuwa jirani kuliko manowari nyingine za Uingereza. Kama ilisikia chochote redioni bado ni mabishano, ila ilikaa kimya kumlinda mfalme. Msitunge tukio la Devonshire kugeuka kuja kupigana. Kruza moja mbele ya manowari mbili za namna ile ingeongeza makaburi tu.

Hayo makaburi ndiyo yanayonifanya nisisitize usahihi. Waliosalimika walikadiria kwamba watu 900 hivi waliziacha Glorious na destroya zake mbili, ambazo nazo zilizama, wakiwa hai. Wajerumani waliondoka bila kuwaokota, na makao makuu ya Uingereza hayakujua kitu hadi redio ya Ujerumani ilipotangaza. Wale watu walikaa siku mbili na zaidi juu ya maboya ya kuelea kwenye maji ya barafu. Waliookolewa ni kama 40, wengi wao na meli za wavuvi wa Norway. Waliokufa ni zaidi ya 1,500. Mkiweka doria ya saa 8:30, mnaokoa pia wale waliokufa kwa baridi kwa sababu hakuna aliyejua waende kutafutwa wapi.

Na kwa kuwa mko pwani yetu: mwishoni mwa 1939 Glorious ilikuwa Bahari ya Hindi, ikitumwa kutoka Aden kuitafuta manowari ya Kijerumani Graf Spee, ambayo mwezi Novemba iliizamisha meli ya mafuta Africa Shell karibu na pwani ya Msumbiji. Baadhi ya mabaharia wenu, basi, walikuwa wamelijua joto la maji haya miezi michache kabla ya kuifia baridi ya kule. Ni jambo la kweli, mnaweza kulitumia bila kubuni.

Mahali ambapo maelezo yangu ya maandishi hayatoshi ni kwenye mchoro. Hesabu ya meli mbili zinazofukuzana huku moja ikiugeukia upepo haieleweki kwa kusoma, huchorwa. Mtafuteni mtu ana kwa ana: mwalimu wa uongozaji meli wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, au rubani wa meli aliyestaafu hapo bandarini Tanga. Mpelekeeni mambo manne: mahali pa kila meli saa 8:30, mwelekeo, mwendo, na upepo wa kaskazini-magharibi. Ndani ya mchana mmoja atawaonyesha kwa rula na bikari ni dakika ngapi hasa Glorious ingeweza kuutazama upepo kabla mizinga haijaifikia. Na kama mnakusudia kuchapisha na kutaja mabaharia kwa majina, hapo msitegemee mimi wala mtandao: waandikieni chama cha jamaa zao, na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyopo Kew, London, inakotunzwa kumbukumbu za jeshi la majini.

Kuhusu mwisho wa hadithi, ningeacha Wajerumani wote wawili waelee. Scharnhorst imepinda mara tatu, haijapigwa. Swordfish mbili hazijarudi. Glorious iko mbali kilomita 60, inateketeza mafuta ambayo haijui kama yatatosha kufika, na rubani wa doria, ambaye saa nane na nusu alinung'unika kwa nini atumwe yeye wakati wenzake wamelala, anaitwa darajani kueleza aliona nini.